Nilisikia Sauti ya Marehemu, Nikasema Simu Haikuwaka

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nimeomba jina langu lisiandikwe kwa sababu Njombe ni mji mdogo, mafundi simu tunajulikana, na mama ninayemzungumzia hapa bado anakuja mjini kila siku ya soko. Mkinitambua, basi. Nimestahili.

Ufundi niliupata Makambako, kule Lyamkena, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyetoka Kigoma miaka mingi iliyopita kuja kufanya biashara. Alianza na redio, simu zilipoingia akahamia kwenye simu. Nitamwita Mzee Shabani. Alinifundisha kubadilisha kioo, spika, maiki na sehemu ya kuchomekea chaji. Kazi moja tu hakuniruhusu kuigusa, nayo ni kazi ya bodi. Bodi ndiyo ile sahani ya kijani iliyo ndani ya simu, yenye vidude vidogo kama punje za ulezi. Ukikosea hapo umeua simu nzima.

"Mkono wako mzuri, lakini una haraka," alikuwa akiniambia. "Bodi haitaki mtu wa haraka."

Mimi nikanuna! Nikaona ananibania ujuzi nisije nikamzidi. Nikabeba begi langu, nikarudi kwetu Njombe, nikafungua kibanda karibu na soko. Ilikuwa miaka ile simu za kugusa zimeanza kumiminika. Biashara imefunguliwa, maboksi yanashuka kutoka Kariakoo, kila aliyeuza viazi vyake anataka simu ya kugusa, na kila kijana mwenye bisibisi anajiita fundi. Nami ili niwapite wenzangu nikaandikisha kibao: TUNATENGENEZA BODI. Jamani, uongo wangu wa kwanza niliutundika mwenyewe barabarani, tena kwa rangi nyekundu!

Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, mvua na ukungu kutwa nzima, alipokuja mama mmoja amejifunga kanga nyeusi kichwani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Karibu kiti."

Akafungua leso, akatoa simu. Kabla sijaishika nilishasikia harufu ya ulanzi.

Nitamwita Mama Upendo. Mume wake alikuwa amezikwa siku chache tu zilizopita, na simu ilikuwa ya huyo marehemu, zawadi ya binti yao aliyeolewa Songea. Siku ya mazishi Mama Upendo alikuwa akiwagawia waombolezaji ulanzi. Simu aliifunga kwenye pindo la kanga kiunoni. Alipoinama kuchota, ikachomoka ikazama kwenye ndoo.

"Imezima tangu hapo," alisema. "Na humu ndani kuna sauti ya mzee. Alijirekodi mwenyewe kabla hajazidiwa. Ndugu zake wanasema lile shamba la miti ni la ukoo. Yeye amesema humu ni la nani. Kikao ni Jumamosi tukianua matanga. Mwanangu, sauti hiyo haiko mahali pengine."

Ningeweza kumwambia, mama, mimi hii siiwezi, panda basi uende Makambako kwa Mzee Shabani. Kwani Makambako ni mbali? Lakini kibao changu kilikuwa kinatutazama wote wawili.

"Umefika, mama," nikamwambia. "Nenda kapumzike."

Nikaifungua. Ulanzi ulikuwa umekaukia kwenye bodi, unanata kama asali. Nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikasafisha tena, nikakausha. Betri ilikuwa imekufa, nikaipa bodi umeme kutoka kwenye mashine yangu ya mezani. Nikabonyeza.

Ikawaka! Nilipiga kelele mwenyewe kibandani hadi muuza mitumba wa jirani akauliza kulikoni. Nikamwambia hakuna kitu.

Halafu nikafanya jambo ambalo fundi hatakiwi kulifanya. Nikafungua rekodi za watu nikasikiliza. Ilikuwa moja tu. Mzee alianza kwa kukohoa, kisha akasema taratibu:

"Nasema mwenyewe, sijalazimishwa na mtu. Lile shamba la miti la bondeni ni la mke wangu. Tulilipanda naye, miche alibeba yeye kichwani, mimi nikichimba mashimo. Ndugu zangu mkitaka mbao, mkamwombe yeye." Akakohoa tena. "Haya, nimemaliza. Inazimwaje hii, Mama Upendo?"

Nilicheka. Niliipenda ile "inazimwaje hii".

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mzee Shabani alikuwa na amri yake kuhusu simu iliyolowa. Ikiwaka tu, kabla hujafanya kitu kingine chochote, toa kwanza mzigo wa watu. Picha, sauti, namba, vyote vihamishie kwenye memori kadi, ndipo uendelee na ufundi wako. Aliisema mpaka tukawa tunamwigiza akigeuka. Na memori kadi nilikuwa nayo kwenye droo, hapo hapo kwenye goti langu!

Sikuitoa. Niliona chaji haiingii kwenye simu, na kiburi kikanipanda. Nikajiona Jumamosi pale kikaoni, ukoo mzima umenyamaza, simu inaongea, na watu wanaulizana nani aliyeifufua. Nilitaka nimkabidhi mama simu nzima, inayochaji, siyo kikadi. Nikasema ngoja nimalize hiki kidude cha chaji, sauti nitaihamisha baadaye.

Nikaizima, nikawasha blowa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kidude cha chaji kwenye simu ile kiko jirani kabisa na kile kinachotunza kumbukumbu zote. Nilijua. Lakini kibanda kilikuwa na baridi ya Njombe, bodi imepoa kama jiwe la mtoni, moto ukawa unachelewa kushika. Nikaongeza. Mabaki ya ulanzi yakaanza kuungua, kibanda kikajaa harufu ya sukari iliyoshika chungu. Kidude hakitoki. Nikaongeza tena!

Bodi ikavimba katikati kama andazi.

Nikazima kila kitu, nikasubiri ipoe, nikarudisha umeme. Kimya. Nikabonyeza na kubonyeza mpaka kidole kikauma. Ile sauti niliyokuwa nimeicheka muda mfupi tu uliopita haikuwepo tena duniani.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Makambako. Mzee Shabani hakuniuliza nilipotelea wapi. Aliigeuza bodi chini ya lenzi yake, akaigeuza tena.

"Iliwaka?" akauliza.

"Haikuwaka, mzee."

Akanitazama juu ya miwani. "Hii imepulizwa upande wa chaji. Mtu hahangaiki na chaji ya simu isiyowaka. Mzigo ulitoa?"

Nikaanza kuikunja leso ya mama.

"Ungeniletea mbichi, ningemtolea huyo mama kitu chake," alisema, bila kupandisha sauti. "Sasa siwezi. Nenda ukamwambie ukweli, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nitamwambia, mzee."

Sikumwambia! Alipokuja nilimpa simu yake ndani ya leso ile ile nikasema, "Mama, ulanzi umekula bodi yote. Haikuwaka kabisa." Mnajua alinijibu nini? Alisema, "Pole na kazi, mwanangu." Akanipa pole mimi, akaniachia na mahindi mabichi kwa usumbufu. Na nikayachoma nikala.

Nilidhani yameisha. Jumamosi akaja kijana kwa pikipiki kunichukua, wazee wananihitaji kikaoni. Mdogo wake marehemu ndiye aliyekuwa anaongoza. Wanawake wamekaa kwenye mikeka upande mmoja, Mama Upendo katikati yao.

"Fundi," akasema yule mzee, "shemeji yetu anasema humo mlikuwa na sauti ya kaka. Sisi hatukuisikia. Sema mbele ya watu, simu iliwaka? Ulisikia chochote?"

Maneno ya marehemu yalikuwa kooni kwangu mazima mazima, hata kikohozi chake. Lakini nikisema nimesikia, nimesema iliwaka. Nikisema iliwaka, nimesema ni mimi niliyeiua. Nikakiona kibao changu chekundu, nikaona na vijana wenzangu wanavyocheka.

"Haikuwaka, mzee. Sikusikia kitu."

Yule mzee akamgeukia Mama Upendo. "Shemeji, sauti iwepo, halafu simu iangukie kwenye ndoo siku ile ile ya msiba? Sisi siyo watoto."

Watu wakaguna. Mama Upendo alitazama mikono yake. Wakamwachia nyumba na bustani. Shamba likachukuliwa na ukoo.

Haikupita muda misumeno ikaanza kulia bondeni. Malori ya mbao kwenda Makambako yanapita mbele ya kibanda changu, na kila yanapopita hewa inajaa harufu ya paini mbichi. Nilianza kufunga mlango mchana. Wateja wakawa wananikuta nimekaa gizani kama mgonjwa.

Siku moja ya soko Mama Upendo akaingia, akakaa kwenye kile kiti. Hakuwa na simu yoyote.

"Mwanangu," aliuliza, "wewe ni mtu wa mashine. Hivi mtu anaweza kuota kitu mchana, akadhani amekisikia kweli? Maana wameniambia mpaka nami nimeanza kujishuku. Labda mzee hakusema. Labda ni huzuni yangu."

Hapo nikavunjika! Miti nilishajua nimemnyang'anya. Sikujua kwamba nilikuwa namnyang'anya na akili zake.

"Hukuota, mama," nikasema. "Iliwaka. Nilisikia. Ni mimi niliyeiunguza."

Nikamweleza yote nikilia kama mtoto. Nilitamani anipige, na uso wake ulionyesha anatamani pia.

"Uliniacha nikaitwa mwongo," alisema. "Mbele ya wanangu. Na mahindi yangu ukala."

"Nilikula, mama."

Akapangusa macho kwa kanga. "Haya, alisemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno. Miche kichwani, mashimo, mkamwombe yeye. Nilipofika kwenye "inazimwaje hii, Mama Upendo", alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akasimama. "Twende ukayaseme haya haya kwa shemeji yangu."

Tulikwenda. Nilisema yote, na nilipotaja "inazimwaje hii" yule mzee alishtuka, nikaona amemtambua kaka yake. Akageuza uso akatazama ukutani.

"Kijana," alisema, "siku ile uliulizwa mbele ya watu ukasema hukusikia kitu. Leo miti imeshaangushwa, unasema ulisikia. Tukuamini wa siku ipi?"

Watu wamemshauri Mama Upendo aende mahakamani, yeye anasema hana nguvu ya kushindana na watu aliowapikia maisha yake yote. Na shahidi wake ni nani? Ni mimi, niliyejiharibia mdomo mwenyewe.

Kibao nilikiteremsha. Kazi ya bodi sasa naipeleka Makambako, naibeba kwa mikono miwili.

Ndugu zangu mafundi, na wewe usiye fundi lakini umeshika kitu cha mtu usichokiweza, sema "siwezi". Ni neno dogo, halijaua mtu. Na ukishaharibu, sema siku ile ile, wakati ukweli wako bado unaweza kumsaidia mtu. Mimi niliuchelewesha, nikawapelekea watu wakati kule bondeni vimebaki visiki.

Mama Upendo bado anakuja. Anakaa kwenye kiti, anaweka kapu chini, anasema, "Nisimulie." Namsimulia. Lakini siku hizi ninaogopa, jamani. Juzi nilisema "miche alibeba mke wangu", nikasita. Au alisema "alibeba yeye"? Mzee alikohoa mwanzoni tu, au na mwishoni pia? Sauti ile sasa imebaki kichwani mwangu peke yake, nami naihisi inafutika. Na yeye amekaa pale, amefumba macho, ananiamini.