Vitambaa vya Kochi

Jumamosi, kwenye ukumbi wa Kaloleni, mwanafunzi wa uzamili alikuja kutueleza utafiti alioufanya mtaani kwetu kuhusu chakula cha nyumbani. Alitumia Kiswahili chepesi, tukampenda.

"Majina nimeyaficha," alisema, mkono kifuani. Kisha akaonyesha ukutani picha ya sebule moja. "Mama wa hapa hufunga mlango jioni, majirani wasijue hajapika."

Uso wa mama huyo pichani ulikuwa umefutwa. Vitambaa vya kochi havikufutwa: vya rangi ya machungwa, vimefumwa tausi. Sote tumevikalia tukienda kwake kwa maombi.

"Si hii ni kwa mama nanihii?" jirani yangu akaanza. Nikamkanyaga mguu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshageuka kumtazama mama mwenyewe.

Alikuwa safu ya tatu, akifuta miwani isiyo na vumbi. Mwanafunzi alipouliza kama kuna swali, mama yule alisimama.

"Asante, mwanangu. Umesoma vizuri." Akatoka.

Nimemkasirikia mwanafunzi yule wiki nzima. Sasa nimerudia kusoma nilichoandika. Jina sijalitaja. Vitambaa nimevitaja.