Siku Niliyowatoa Watu Majumbani

Wasimamizi wangu wa shahada ya uzamili walikuwa wawili, na hawakuelewana kwa lolote. Mmoja alikuwa mhandisi wa udongo, mwingine mwanasosholojia. Utafiti wangu ulikuwa katikati yao: kupima mwendo wa ardhi kwa mitambo, na kutafuta namna ya kuwaonya watu kabla mlima haujaporomoka. Nilifunga vipimo kwenye mteremko mmoja upande wa Gonja, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyeishi chini ya mteremko huohuo.

Masika yalipochachamaa, simu ikilia tu naikimbilia.

Alasiri moja kipimo cha juu kikatuma ujumbe kwenye simu yangu: ardhi imesogea. Vingine vilikuwa kimya. Nikampigia mhandisi.

"Kipimo kimoja hakitoshi," akasema. "Subiri vingine."

Nikampigia mwanasosholojia. "Ukiwatoa bure leo," akasema, "siku ya kweli hawatatoka."

Wote walisema kweli. Lakini wao walikuwa chuoni, na mimi nilikuwa namwona mama akichambua maharage barazani.

"Mama, twende kanisani."

"Leo si Jumapili."

"Mlima unasogea. Nadhani unasogea."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani, mama."

Akaweka ungo chini, akawaita majirani kwa Kipare, haraka mno. Mimi ni wa Mwanga, kwetu tunasema Kigweno. Nilishindwa kujua kama anawaonya au ananilalamikia.

Wengi walikuja, wengine wakakataa. Tulikaa kanisani, mbali na mteremko, mpaka asubuhi, watoto wakilia, mbuzi wamefungwa uani. Mvua ikizidi kwenye bati, nasimama. Niliogopa mlima uanguke, na niliogopa pia usianguke.

Haukuanguka. Mvua ilipokatika, watu wakaondoka kwenda kukamua ng'ombe wao. Baba mmoja nilimwamkia shikamoo, akapita kama hakusikia.

Nikapanda mlimani peke yangu. Katikati ya migomba nikakuta ufa mpya, mguu wangu mzima unaingia. Nilikaa kwenye tope nikalia, sijui kwa furaha au kwa hofu.

Mhandisi alifurahia picha za ufa nilizomtumia. Mwanasosholojia aliuliza ni akina nani waliobaki majumbani, na kwa nini. Mama alipanda kuuona ufa kwa macho yake, akarudi, akafungasha nguo.

"Nakwenda kwa kaka yangu Same," akaniambia. "Hawa wengine nimewaambia. Wanasema wataziacha wapi kahawa zao?"

Shahada nilipata. Mradi ulipokwisha, vipimo vilifunguliwa vikarudishwa maabara, nami nikaajiriwa kufundisha. Mteremko haujaporomoka, na waliobaki wanaishi palepale. Kuna siku mvua inaanza nikiwa darasani, nimeshika chaki, na wanafunzi wanasubiri nimalizie sentensi.