Nusu Kichwa Kimesukwa

Kidoti alikuwa na miaka kumi na saba alipoachwa na Winga, mvulana wa darasa lake, kwa sababu eti wamezoeana mno. Badala ya kulia siku mbili tatu yakaisha, akaamua kumtia wivu. Alimwendea kijana mmoja mpole aliyekuwa akitengeneza simu karibu na shule, wakapatana wajifanye wapenzi kwa wiki mbili, wapite mbele ya Winga wakicheka, basi. Fundi simu alikubali upesi mno, na hilo peke yake lingemshtua mwenye akili. Lakini anayependa ataambiwa nini?

Waliyemsahau ni dada. Dada yake fundi simu alikuwa msusi, na ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Siku ya tatu tu alimwita Kidoti saluni, akamtambulisha kwa wateja kuwa huyu ndiye wifi yake. Siku ya tano akamnong'oneza kwamba mdogo wake, ambaye zamani alikuwa akitoka kazini analala bila kusema neno, sasa anaoga huku anapiga mluzi. Kidoti alitaka kusema kweli. Kila alipofungua mdomo aliitwa wifi, akaufunga.

Jumamosi ya wiki ya pili msusi alimkalisha kwenye kigoda, akambana kwa magoti, akaanza kumsuka rasta ndogondogo, zawadi. Ni kazi ya saa sita, na aliyesukwa nusu hana pa kwenda. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto bado timtim, ndipo Winga alipotokea mlangoni. Hakuwajali hata wateja.

"Nimekosa," alisema. "Naomba turudiane."

Ndiyo maneno aliyoyaota Kidoti wiki mbili nzima. Kidoti alitaka kuinuka, lakini nywele zilikuwa mkononi mwa msusi, akavutika akakaa tena. Msusi hakukasirika. Alicheka kama mtu aliye kwake.

"Umechelewa, kaka. Huyu ana mwenyewe. Au nasema uongo, wifi?"

Saluni nzima ilimgeukia. Hapo ndipo pa kusema. Kidoti alimtaka Winga. Lakini aliukumbuka ule mluzi, akawaza mwanamke huyu atakavyoumbuka mbele ya wateja wake, akajichukia kwa mtego alioutega mwenyewe.

"Husemi uongo, wifi."

Winga aligeuka akaondoka. Msusi alichukua fungu jingine la nywele, akamwinamisha kichwa, akaendelea na kazi huku akiwasimulia wateja jinsi wavulana wa siku hizi wasivyojua kuwahi. Baada ya muda aliona machozi yakidondoka kwenye magoti ya Kidoti, akalegeza mkono.

"Nimekukaza sana, wifi?"

"Kidogo," Kidoti alisema. "Endelea tu."