Alivyomimina Gahwa Msibani kwa Mama

Hapana jambo la mwanadamu linaloweza kunishangaza mimi. Nimekuja Maskati na darasa la nne na begi lililofungwa kamba, nimelala juu ya marobota ya sponji kwenye gereji za watu Wadi Kabir, nimechekwa Kiarabu changu mpaka na watoto wa skuli. Leo karakana ya makochi yenye jina langu ina mafundi kumi na saba, na wakubwa wa mji huu wakikaa majlisi zao wanakalia kazi yangu. Nimedhulumiwa na washirika, nimedhulumiwa na ndugu yangu wa tumbo moja, na wote nimewaona wakirudi mlangoni kwangu. Kwa hivyo huruma ya mtu siitafuti. Nnaandika kwa sababu huu mwaka wa pili jambo hili limenikaa kooni, na hapana mtu nnayeweza kumwambia.

Jina lake silitaji, wala langu. Anayeijua nchi hii anajua kwa nini. Alikuwa mtu wa Tanga, miaka thelathini na sita, mimi hamsini na moja. Nilimleta mwenyewe kwa viza yangu, aje kushona vitambaa vya makochi. Mimi ndiye kafili wake, maana yake kukaa kwake Omani kulisimama juu ya saini yangu. Mkono kama wake sijapata kuuona. Kona ya kochi alikuwa akiikunja bila ya kupima na haikosei. Siku moja nilikuwa nakata kitambaa ghali cha mteja, akaja akasimama nyuma yangu akasema, "Hapa umekata na hasira zako." Miaka ishirini hapana mtu aliyethubutu kunisahihisha ndani ya karakana yangu. Nikatazama, kweli, kitambaa kimekwenda upande. Nadhani ilianza hapo.

Mafundi wengine wote walikuwa Wahindi na Wabangali, Kiswahili hawakijui. Basi sisi wawili tulikuwa na chumba chetu mle ndani, chumba cha maneno, na hapana aliyekuwa na ufunguo. Mbele za watu aliniita arbab, bosi, kama wote wanavyoniita. Kwa Kiswahili aliniita mwenzangu.

Ijumaa baada ya sala tukienda Qantab, tunaegesha gari karibu na majabali, tunakula mishkaki. Huko alinikataza kulipa.

"Weka pochi. Leo mgeni wangu."

"Mshahara wako si nnakulipa mimi?"

"Basi kula, uonje ulivyo mdogo."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mwezi uliofuata nilimwongeza, na hakuniambia ahsante. Alisema, "Ulichelewa." Nilimpenda kwa hilo zaidi ya kitu chengine chochote, na yeye alikuwa akijua.

Mama yangu alikuwa mgonjwa, nikimuuguza nyumbani kwangu Ghubra. Mke tulishaachana zamani. Maradhi yalipomzidi Mama, Kiarabu kilimtoka chote, akabaki na Kiswahili cha utotoni mwake Unguja. Wajukuu wanakuja, wanamsalimia kwa Kiarabu, anawatazama kama wageni. Ndipo nikaanza kumleta yule bwana jioni, akae naye. Alimshonea mto wa mgongoni. Alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kazi ambayo mimi, mwanawe, niliikimbia.

"Wewe Mtanga," Mama akimwambia, "chai hii umetia sukari au umeihadithia tu?"

"Daktari kakataza, Bi mkubwa."

"Daktari kamzaa nani humu ndani?"

Mama akicheka, na yule bwana akimwongeza nusu kijiko kwa siri. Siku moja Mama alinishika mkono, yule bwana yuko jikoni, akaniambia, "Huyu usimwache akala peke yake." Sikumuuliza anajua nini. Nilisema tu, "Inshallah, Mama."

Mama alifariki mwezi wa Rajabu. Wanaume tulikaa azaa ya kupokea pole kwenye sabla, ukumbi wa mtaa wetu, siku tatu. Wafiwa hukaa mstari mmoja upande wa juu, watu wanaingia, wanapeana mkono na kila aliye kwenye mstari, wanakaa, wanaletewa tende na gahwa, wanaondoka. Siku ya kwanza asubuhi yule bwana aliingia na kanzu nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, macho mekundu. Alinishika mkono akasema, "Mungu atupe subira." Kasema atupe, si akupe. Halafu akakaa kwenye mstari wetu, kushotoni kwangu. Hakuomba ruhusa. Bega lake liligusa langu, na tangu kumzika Mama ile ndiyo mara ya kwanza niliyopumua sawasawa.

Akaingia mtu mmoja mkubwa, mteja wangu, mwenye kabila na sauti. Watu kama yeye ndio walioniita Mzinjibari kwa dharau nilipokuja, na sasa kaja kwenye msiba wangu kwa miguu yake. Alipeana mikono mpaka akafika kwa yule bwana. Akaushika mkono wake asiuachie, akanitazama mimi juu ya kichwa chake, akauliza kwa Kiarabu, "Na huyu ni nani wenu?"

Ningeweza kusema jirani. Ningeweza kusema mtu wa kwetu, na wala isingekuwa uongo. Ukumbi mzima ulikuwa unanisikiliza, au mimi nilidhani unanisikiliza. Niligeuka, nikamwambia yule bwana kwa Kiarabu, kwa ile sauti nnayosemea mafundi, "Inuka. Wamiminie watu gahwa."

Hatukupata kusemezana Kiarabu sisi, hata siku moja.

Alinitazama kidogo tu. "Zen, arbab," akasema. Ndiyo, bosi. Akainuka, akachukua dalla, birika la gahwa, mkononi kwa mpwa wangu, na mpwa wangu akakaa pale alipotoka yeye. Nilijiambia kumimina gahwa si tusi, hata watoto wa nyumba humimina. Ni kweli. Lakini mtoto wa nyumba huambiwa, njoo baba, tusaidie.

Alimimina siku zote tatu. Dalla mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, gahwa kidogo kidogo mpaka mtu atikise kikombe kuonyesha karidhika. Alipofika kwangu sikutikisa. Nilikunywa kimoja, viwili, vitano, ili asimame mbele yangu, labda atanitazama. Alitazama kikombe. Shemeji yangu akaninong'oneza, "Bwana we, utalimaliza birika peke yako?" Nikatikisa, akapita kwa mwengine.

Tukarudi kazini, na Kiswahili akawa kanifungia. Nikimwambia, "Mwenzangu, twende tukale," ananijibu kwa Kiarabu cha karakana, "Shukran, arbab." Nikimuuliza ana nini, "Mafi mushkila, arbab." Hapana tatizo. Wabangali walifurahi, wakisema Mtanga naye hatimaye kajifunza lugha.

Baada ya wiki mbili aliniomba nimfutie viza arudi kwao. Nilikataa. Mkataba wake ulikuwa umebaki miezi kumi na nne, na nikamwambia, tena kwa Kiswahili chetu, kwamba akitoka mlangoni naripoti katoroka, na polisi watamtafuta. Mdomo wangu ndio uliosema hayo, kumwambia mtu aliyemwosha mama yangu miguu. "Zen," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Wiki saba alikuja saa moja asubuhi, akashona, akaondoka. Siku moja mafundi walipotoka kwenda kula nilifunga mlango nikamwomba. Mimi sijapata kumwomba mtu. Nilimwambia nusu ya karakana naiandika kwa jina lake, kesho, mbele ya wakili. Akaweka mkasi chini, akasema Kiswahili.

"Unadhani nimeudhika kwa gahwa? Ningemimina mwezi mzima, ungeniambia kwa maneno yetu."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sikutaka karakana, mwenzangu. Nilitaka kukaa pale nimlilie."

"Sasa unataka nini? Sema, nakupa."

"Nilishasema. Saini."

Alipolitamka lile neno, mwenzangu, nilidhani nimempata tena. Nilikosea. Alikuwa ananiaga.

Nilisaini kesho yake. Karani wa makaratasi aliniuliza sababu, nikamwambia mwenyewe kataka. Bahasha niliyomtilia aliiacha juu ya cherehani, haijafunguliwa. Mshahara aliupokea wa siku alizofanya kazi, na huo ni jasho lake, hauingii katika hesabu yangu. Alichokubali kutoka kwangu ni kile ambacho sheria inamlazimisha kafili kumpa mtu wake akimrudisha kwao. Nilikwenda kukinunua mwenyewe Ruwi, sikumtuma mtu. Mwenye duka la tikiti aliniuliza, kwenda na kurudi? Nilimwomba anitajie bei zote mbili.

Maskati mpaka Dar es Salaam, kwenda tu, mzigo kilo thelathini: rial sitini na nane na baisa mia saba.