Sungura wa Waithera

Homa ya uti wa mgongo ilipomchukua Waithera, mwaka wa 1978, aliacha sare ya shule, Biblia ndogo na sungura weupe nyuma ya nyumba yao Makadara. Mamake, Teresiah, hakuwa mtu wa kupenda wanyama. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza mboga, aliwapa majani ya karoti na kuwasemesha, kama binti yake alivyozoea. Dume kubwa, ambalo Waithera alilipa jina la Karani kwa kutafuna karatasi, lilimzoea hata akaweza kulishika masikio.

Vizimba vilijaa. Ndipo Phares, mnunuzi wa kiwanda kimoja cha Industrial Area, akaja na pikapu.

"Mama Waithera, hawa weupe ndio tunatafuta. Wa rangi hatuchukui."

"Wa kazi gani?"

"Wa mafuta, mama. Tunatengeneza mafuta."

Teresiah akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Kwani wa rangi hakaangiki?"

Phares naye akacheka, akamlipa, akafunga kikapu Karani na wenzake kadhaa wakiwa ndani.

Waithera hakuwahi kukubali sungura wake achinjwe. Teresiah alijifariji kwamba Mungu ndiye aliyetupa nyama tule. Akamwombea Karani, akamwacha aende.

Wiki iliyofuata, kwenye mfereji, alimweleza jirani yake Asenath, aliyefungasha bidhaa katika kiwanda hicho hicho.

"Kukaanga?" Asenath akashangaa. "Dada, sisi si mafuta ya kupika. Ni ya kujipaka. Ya kung'arisha uso."

"Sasa sungura anaingia wapi?"

Asenath akaitazama ndoo yake ikifurika. "Wanatiwa hayo mafuta machoni kwanza. Jicho lisipoharibika, ndiyo tunauziwa sisi."

Teresiah aliacha maji pale pale. Alitembea hadi Industrial Area, akasimama langoni mpaka Phares akaona aibu akamwingiza.

Sungura walikuwa wamepangwa ndani ya visanduku vya mbao, vichwa tu vikiwa nje, shingo zimebanwa wasiweze kujikuna. Jicho moja la kila mmoja lilikuwa limevimba, linatoka usaha. Hakuna aliyelia. Hakumtambua wake kati yao.

"Karani," akaita.

Masikio mawili yakageuka.

"Nirudishie, Phares. Tafadhali, baba."

"Si wako tena, mama."

"Basi nipe kisu. Nimpumzishe."

"Ukimchinja leo, majaribio yataharibika."

Majaribio. Teresiah alijua majaribu ya Ayubu tangu Sunday school. Lakini Ayubu alipewa mdomo wa kumuuliza Mungu kwa nini. Akaweka kiganja juu ya kile kichwa, akakosa maneno ya kuomba, akatoka.

Jioni hiyo alikinoa kisu. Asenath alishika miguu. Teresiah alichinja sungura waliobaki, kabla pikapu haijarudi, mmoja baada ya mwingine, akiliita jina la binti yake na kumwomba msamaha, mpaka vizimba vyote vikabaki wazi. Watoto wa majirani waliitwa, wakakaa chini na sahani zao, wakifurahia harufu.

"Tuombee chakula, Mama Waithera," wakamwambia.

Akafumba macho. "Baba, asante kwa..."

Watoto wakangoja. Mmoja akafumbua jicho, akafumba tena. Asenath ndiye aliyesema Amina.