Otilia wa Ghala la Nta

Konstantini, kaka wa marehemu mume wangu, alisimama kando ya kisima cha kijiji chetu, Nakwa, mbele ya wanachama wenzetu, akasema nimechanganya mafuta ya ng'ombe kwenye nta ya kikundi. Haikuwa kweli, naye alijua si kweli. Kwa neno lake nikatolewa kwenye kikundi nilichokianzisha kwa mikono yangu. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu nataka kumweleza Otilia, na huwezi kumjua mtu aliyekutoa shimoni kama hujui nani alikusukuma.

Otilia hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka Rombo akifuatana na mume wake, dereva wa lori. Lori likawafia Babati, vipuri havikupatikana, wakakaa kusubiri. Mume alichoka kusubiri akaondoka. Otilia akabaki, akafungua meza ya chai na mandazi pale stendi. Miaka ile sukari ilikuwa ya kupangia foleni tangu alfajiri, na mara nyingi foleni iliisha bila sukari. Yeye akaanza kupaka mandazi asali. Ndivyo tulivyojuana: alikuja Nakwa kutafuta asali.

Alinikuta nyuma ya nyumba namwaga masega yaliyobaki baada ya kukamua asali ya pombe.

"Mama Fabiani, unamwaga nini hicho?"

"Uchafu. Hata mbwa hawaugusi."

"Masista wanautafuta huo uchafu. Kuna watu Ulaya wanautengenezea mishumaa."

Nilicheka. Mama yangu alimwaga masega, na bibi yangu alimwaga. Lakini nilichemsha sufuria moja, nikachuja kwa kipande cha khanga kuukuu, asubuhi nikakuta nta imeganda juu ya maji, ya njano kama kiini cha yai. Niliwaita wanawake majirani, nao wakawaita waume zao wenye mizinga. Kikundi kikazaliwa.

Wanunuzi wale walioletwa na masista walikuwa na maduka yao huko Ulaya, na hawakufanya kama walanguzi tuliowazoea. Bei waliitaja kabla hatujayeyusha nta, na haikushuka tulipoifikisha. Sehemu ya malipo ilikuja mapema, miezi ile ghala la nyumbani linapokuwa tupu. Juu ya bei walituma fungu la ziada kwa kikundi kizima, tukalipangia kazi wenyewe mkutanoni, na mkono wa mwanamke ulihesabiwa sawa na wa mwanamume. Fungu la kwanza lilitupa kisima cha pampu. Nao walikuwa na masharti: nta iwe safi, kila mtu alipwe mkononi mwake, na mwanachama asitolewe bila kusikilizwa. Kila mwaka mtu wao alikuja kuangalia kama tunayafuata.

Mimi sikusoma shule. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Siku nilipopokea malipo mkononi mwangu, si mkononi mwa baba wala mume wala shemeji, nililia, nikasingizia moshi.

Ufunguo wa ghala tulimpa Otilia. Mzee Aniceti ndiye aliyempendekeza.

"Huyu hana shemeji wala binamu hapa," alisema. "Akitaka kupendelea, atampendelea nani?"

Watu walicheka, lakini sababu ilikuwa hiyo.

Mwenyekiti alikuwa Konstantini. Kinyongo chake kwangu kilianza mume wangu Wolfgang alipofariki. Alilitaka shamba la mdogo wake, nami nikakataa kuondoka. Ulipokuja ukame mkubwa ng'ombe wake walianza kudondoka, akawachinja mmoja mmoja kabla hawajafa. Mafuta yalijaa kwake, na nta ililipwa kwa kilo. Mwaka huohuo wanunuzi wakaleta habari kwamba nta yetu ina mafuta, na ikija hivyo tena hawataichukua.

Kosa letu sote lilikuwa pipa. Tuliyeyusha nta ya watu wote kwenye pipa moja, kama tunavyokunywa pombe kutoka chungu kimoja siku ya kulimiana. Kutenganisha changu na chako tuliona ni uchoyo. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua uchafu umetoka nyumba gani, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyechagua wa kulaumiwa.

Otilia peke yake ndiye aliyenitetea siku ile. Alimgeukia Konstantini.

"Baba Ursula, huyu mama hana hata mbuzi. Mji mzima tunatafuta mafuta ya kupikia hatuyapati. Yeye ameyatoa wapi ya kumwaga kwenye nta?"

"Wewe mama mandazi yasiyo na sukari," Konstantini akamjibu, "kazi yako ni kufungua ghala na kufunga ghala. Mambo ya ukoo tuachie wenyewe."

Nilinyanyuka niseme. Akaniambia niketi, mjane mwenye adabu habishani na shemeji yake. Nikaenda nyumbani, na msimu ule mzima sikupeleka nta.

Otilia hakugombana tena. Msimu ulipofika alisimama kwenye mlango wa ghala akawaambia watu, "Mizinga yenu mnaichoma alama msigombanie asali. Nta nayo iwe na alama. Kila mtu agandishe yake kwenye bakuli, aikwaruze alama ya mzinga wake kabla haijawa ngumu. Pipa silifungui."

Konstantini hakuweza kukataa. Angekataaje, wakati mchafuzi alishafukuzwa?

Mgeni wa wanunuzi alipokuja, mama mmoja wa makamo aliyefuatana na sista wa kumtafsiria, Otilia alituma niitwe. Nilikuta jiko la mkaa limewashwa mbele ya ghala. Alivunja kipande cha kila nta akakitupia makaani. Kipande baada ya kipande kilinukia asali. Halafu ikanuka nyama. Akachukua bakuli la pili lenye alama ileile, ikanuka nyama tena. Alama ilikuwa ya mizinga ya Konstantini. Mke wake Fabiola alijifunika uso kwa kitenge.

"Labda ni panya wa ghalani," Konstantini akasema.

"Panya wa siku hizi wanachinja ng'ombe?" Mzee Aniceti akauliza.

Walicheka mpaka sista naye akageuka pembeni. Otilia hakucheka. Alisema, "Mama Fabiani ana msimu mzima hajaleta hata kipande. Mafuta bado yanakuja."

Mgeni akauliza kama nilisikilizwa kabla ya kutolewa. Ndipo nikaambiwa niseme, nikasema, na mikono ikanyoshwa nirudi. Konstantini alivuliwa uenyekiti, uanachama akaachiwa. Naye alisikilizwa. Sharti ni sharti.

Leo nalala chini ya mabati niliyonunua kwa masega ambayo bibi yangu alikuwa akimwaga. Mungu awabariki wale watu wa mbali waliotaka haki itangulie mzigo, na ambariki aliyeifanya haki hiyo iingie Nakwa kwa ufunguo mmoja. Nikimshukuru Otilia hunijibu, "Nilikataa kufungua pipa tu, mama. Lete asali, wateja wananisubiri." Nampelekea. Najua haitoshi, na yeye hanidai.

Ninayemdai yupo. Asubuhi tukikutana kisimani hunisalimia, "Habari za kuamka, shemeji," kama kwamba hakuna kitu. Naitikia. Lakini salamu silo neno ninalomdai. Alisema uongo amesimama pale, watu wakisikia. Kisima kipo, watu wapo, na miguu yake bado ina nguvu. Konstantini asimame palepale aseme kweli.