Joto la Jana Kwenye Kioo

Kiwanda cha chai nje kidogo ya Njombe kilipopata mmiliki mpya, kililetewa bodi ya kompyuta ya kusimamia joto la kikaushio. Programu yake niliiandika mimi, kwenye chumba nilichopanga Lyamkena, Makambako, muda mfupi baada ya kumaliza chuo.

Zamani joto lilisomwa na mzee mmoja wa Kibena. Kila nusu saa alitazama kipimajoto cha zebaki, akaandika kwa chaki ubaoni. Bodi ilipofika, ubao uling'olewa. Mzee akaambiwa afuate namba za kioo cha bodi.

Ilikwenda vizuri miezi kadhaa. Kisha jioni moja chai yote iliyokuwa kwenye kikaushio ikaungua huku kioo kikionyesha joto sahihi. Mzee akasimamishwa kazi. Ijumaa angejua kama amefukuzwa. Mimi nikaitwa kuipima bodi kabla ya siku hiyo.

Nilimkuta langoni, maana ndani hakuruhusiwa.

"Kamwene, fundi. Kioo chako kama mshahara wangu. Hakipandi, hakishuki."

"Mzee, kweli hukusinzia?"

"Nisinzie moshi ukiniingia puani? Kapime vizuri, mwanangu."

Sikumwamini. Sikuamini nyaya wala zebaki yake pia. Nilizima umeme kama tulivyofundishwa, nikafungua boksi, nikabadilisha nyaya, nikawasha. Namba zikapanda na kushuka inavyotakiwa. Nikarudia mara tatu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mashine ni nzima. Ilikuwa kama kujaza fomu ya posta.

Nikiwa kantini umeme ulikatika, betri zikashika mpaka jenereta ikanguruma, taa hazikuyumba hata kidogo. Jenereta ile na betri zake zilikuwa na wiki tatu tu. Kabla yake umeme ulikatika karibu kila siku, na kila uliporudi bodi ilianza upya. Mimi nami, kila nilipotaka kuipima, nilianza kwa kuizima.

Kesho yake, bodi ikiwa imewaka usiku kucha, sikuzima kitu. Nilichomoa kipimo cha joto cha bodi kwenye kikaushio, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi. Kioo hakikubadilika.

Kipimo kilikuwa kinaweka joto jipya kwenye kumbukumbu kubwa ya bodi. Prosesa, ubongo wa bodi, nayo hujiwekea karibu nakala ya namba inazozitumia, isihangaike kuzifuata mbali. Ikiwashwa ina kazi nyingi, nakala za zamani zinasukumwa nje. Ikishatulia kwenye kazi ileile kwa saa nyingi, hakuna cha kuzisukuma, inasoma nakala yake tu. Ulihitajika mstari mmoja wa kuiamuru iitupe na kusoma upya. Nilihoji kila kitu pale kiwandani isipokuwa programu yangu, na mstari huo haukuwamo.

Niliichana ripoti, nikaandika nyingine.

Ijumaa meneja aliisoma mbele yetu wawili. "Kwa hiyo aliyeunguza chai ni nani?"

"Mimi."

"Na chuo chote kile!" Akamgeukia mzee. "Rudi kazini."

Nilingoja aibu inijie, au hata nafuu. Nilisikia baridi ya vidole tu, ile ya kila siku ya Njombe. Niliongeza mstari, nikarudia jaribio la kikombe. Namba zikashuka.

Mzee aliingia na ubao wake kutoka stoo, misumari mdomoni. Akauegemeza ukutani, kando ya kioo.

"Shika huku, fundi," alisema. "Na usizime kitu."